Pweza anakaa wapi ukimfuga? Tuongee taratibu habari ya nyumba yake

Bibi yangu alikuwa akienda pwani bamvua, zile siku maji yanapojaa na kupwa sana, hatafuti pweza, alikuwa anatafuta takataka. Anatembea juu ya mwamba maji yamekupwa, kijiti cha chuma mkononi, macho chini, akiona maganda ya kaa na ya chaza yamerundikana mbele ya tundu na vijiwe vimepangwa mlangoni kama mtu kavipanga, anasimama. "Mwenyewe yumo," ananiambia. Na kweli akichokoa anatoka. Mimi nilikuwa mdogo nikawa najiuliza, sasa huyu mnyama mjanja namna hii mbona anaacha uchafu nje mpaka anajulikana? Nimekuja kuelewa baadaye kwamba pweza hana namna, kila siku anawinda, anarudi na windo lake nyumbani, anakula ndani, maganda anayasukuma nje. Nyumba kwake ndo kila kitu, ni jikoni, ni chumba cha kulala, ni ukuta wa kumkinga na mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, na kwa jike ni leba na kaburi kwa pamoja.

Nimeanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wengi wananiuliza, ooh tunafuga majongoo bahari, tunalima mwani, kaa wa mikoko wananenepeshwa kwenye vizimba, kwa nini pweza hafugwi wakati bei yake iko juu na Ulaya wanamtaka? Jibu la haraka wengi wanalolitoa ni chakula au mbegu, yaani watoto wa kuanzia kufuga. Ni kweli vyote hivyo ni shida, ila mi naona ukianza na nyumba utaelewa mambo mengi zaidi, kwa sababu karibu kila kitu kigumu kwa pweza kinajitokeza pale unapojaribu kumpa mahali pa kukaa.

Kwanza mwili wenyewe. Pweza hana mfupa hata mmoja, kitu kigumu alichonacho ni ule mdomo wake kama wa kasuku, kwa hiyo tundu lolote ambalo mdomo unapita basi na yeye mzima anapita, hata awe na kilo mbili. Ana minyiri minane na kila mmoja una vinyonyeo vinavyoshika, vinavyoonja, na vyenye akili yake kwa kiasi fulani, maana sehemu kubwa ya seli za neva za pweza haziko kichwani, ziko kwenye minyiri. Halafu anaweza kukaa nje ya maji kwa dakika kadhaa akiwa bado na unyevu. Sasa chukua huyo umweke kwenye tanki la kawaida la samaki, asubuhi unakuta tanki halina mtu. Mwaka 2016 kule New Zealand, kwenye akwariamu ya taifa mjini Napier, pweza mmoja waliyempa jina la Inky alitoka usiku kwenye tanki lake ambalo kifuniko kiliachwa na mwanya, akavuka sakafu, akaingia kwenye bomba la kutolea maji la mita kama 50 hivi linaloelekea baharini, akaondoka. Habari ile ilizunguka dunia nzima watu wakafurahi, mfugaji akiisoma anapata funzo lingine kabisa, kwamba kila bomba, kila mwanya, kila mdomo wa koki ni mlango.

Ndo maana mafundi wa matanki ya pweza wana mbinu ambazo kwa samaki huwezi kuziona. Kifuniko lazima kiwe kizito au kifungwe, kwa sababu pweza akisukuma kwa minyiri yote ana nguvu kweli. Njia ya kutokea maji inafunikwa kwa wavu mgumu. Na kuna hii ya zulia la majani ya plastiki, lile kama la uwanja wa mpira, wanalibandika juu kwenye ukingo wa tanki kuzunguka pande zote, kwa sababu kinyonyeo kinafanya kazi kwa kuziba hewa na maji kwenye kitu laini, akifika kwenye yale manyasi hakuna pa kushika, anapapasa anarudi chini. Mi nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi sana, kitu cha bei rahisi namna hiyo kinazuia mnyama ambaye chuma hakimzuii.

Tukitoka kwenye kutoroka tunaingia kwenye kula wenzake. Pweza wengi ni wa peke yao, wakiwa tofauti ukubwa na wakabanana, mkubwa anamla mdogo bila kusita. Mtu aliyezoea kaa atasema basi tufanye kama kaa, kila mmoja chumba chake, vile vizimba vya vyumba vyumba. Imejaribiwa, pweza kila mmoja peke yake, na inapunguza kulana, ila fikiria kazi yake, kila chumba kifunguliwe, kilishwe, kisafishwe, mabaki yatolewe, na nafasi inayoliwa na kuta. Kaa ukimfungia kwenye boksi anakaa. Pweza ni mnyama anayetalii na kushikashika kila kitu, kumweka kwenye kiboksi kitupu ni jambo ambalo mi binafsi silipendi hata kama uzito unaongezeka.

Wenzetu wa Galicia, kaskazini magharibi ya Hispania, ambako pweza ni chakula cha sherehe, walianza miaka ya 1990 na njia ambayo ukiiangalia vizuri ni ndugu wa mtego. Unajua wavuvi wa Mediterania na wa Japani tangu zamani mno wanavua pweza kwa vyungu vya udongo, wanavifunga kwenye kamba wanavitupa chini bila chambo chochote, pweza anakuta chungu anaona nyumba, anaingia, kesho wanavuta kamba naye yumo ndani ametulia. Wagalicia wakachukua wazo hilohilo wakalipeleka kwenye ufugaji. Walikuwa wanakamata pweza wa porini mwenye karibu robo tatu ya kilo mpaka kilo, wanamweka kwenye kizimba kinachoelea baharini, na ndani ya kizimba wamepanga mabomba ya PVC, mengi yakiwa na umbo la T, kwa hesabu ya bomba moja kwa kila pweza. Waliwalisha kaa, samaki wa bei ya chini wanaotokana na uvuvi, na kome, na baada ya miezi mitatu minne hivi pweza anafika kilo mbili na nusu mpaka tatu. Ukuaji huo ni wa haraka sana.

Sasa pale kwenye bomba moja kwa kila pweza ndo penyewe. Sio pambo. Mabomba yakiwa machache kuliko pweza, wanagombania, aliyekosa anakaa wazi, anashambuliwa, anaacha kula, anakufa au analiwa. Yakiwa ya kutosha na ziada kidogo, mambo yanatulia sana. Kipenyo nacho kina maana, pweza anataka kujibana, anataka ahisi ukuta kila upande wa mwili wake na mlango awe anaweza kuuziba, ukimpa bomba pana kama ndoo hataliona ni nyumba. Lakini pweza huyo ndani ya miezi mitatu anakuwa mara tatu! Kwa hiyo nyumba iliyomtosha mwezi wa kwanza mwezi wa tatu haimtoshi, na mfugaji lazima awe amepanga saizi mbili au tatu tangu mwanzo. Halafu rangi. Bomba jeusi au la kijivu linafaa, la kupitisha mwanga halifai, giza kwake ni usalama.

Wagalicia walijifunza pia kutenganisha madume na majike. Jike akishapandwa na kukomaa, akapata hilo bomba zuri la giza ulilompa, anataga humohumo, mayai yananing'inia kama vishada vya zabibu ndogo mno, na kuanzia hapo hali tena. Analinda mayai, anayapulizia maji, anakonda, yakianguliwa anakufa. Kwa mfugaji hiyo ni hasara iliyojengwa na nyumba yake mwenyewe, maana amempa mazingira mazuri ya kutaga wakati yeye alitaka nyama. Ndo maana kizimba cha madume peke yake kikawa na faida zaidi.

Pamoja na yote hayo, ufugaji ule wa vizimba haukukua. Mavuno ya mwaka yalibaki tani za kuhesabika, na sababu mojawapo ni mahali penyewe pa kuweka nyumba. Pweza wa kule anapenda maji ya nyuzi 16 mpaka 21 hivi, yakipita 23 anaanza kupungua uzito na kufa. Na chumvi ikishuka ni msiba, zile ghuba za Galicia ambazo mito inaingia, mvua ikinyesha sana maji matamu yanakaa juu, na kizimba kinachoelea kiko juu hukohuko. Samaki wengi wangevumilia. Pweza hawezi.

Kutokana na hilo ikaja fikra ya kuzamisha kizimba chini kabisa, kikae kwenye mchanga. Watafiti wa visiwa vya Canary wamejaribu vizimba vya aina zote mbili, vya kuelea na vya kukaa chini. Kwa pweza chini ndo kwao, mwanga ni mdogo, mawimbi hayamtikisi, joto halibadilikibadiliki. Kwa mfugaji chini ni balaa, kila kulisha ni kuzamia au kuvuta kizimba kizima, huoni nani kafa nani hali, na mzoga mmoja ukibaki siku mbili unaharibu wengine. Mnaona jinsi inavyokwenda? Kila unapomfaa pweza unamkosesha mfugaji, na kinyume chake. Sijaona njia yoyote ya kumweka pweza inayokwepa mvutano huo.

Matanki ya nchi kavu yanampa mfugaji kila kitu anachokitaka isipokuwa bei nafuu. Unaona kila mnyama, unadhibiti joto, unafunika na neti nyeusi kupunguza jua. Ila maji yanakuwa kazi. Pweza chakula chake karibu chote ni protini, kwa hiyo anatoa amonia nyingi, mara mbili mpaka tatu ya samaki wa uzito uleule, na amonia hiyohiyo inamuua. Anatumia oksijeni nyingi, damu yake ya bluu haibebi oksijeni kwa ufanisi kama yetu, na akishtuka akamwaga wino kwenye tanki dogo maji yote yanabidi yabadilishwe haraka. Na kitu ambacho mtu wa hadweya hawezi kukuambia, shaba. Koki ya shaba, kiungio cha shaba, nati ya shaba, ikikaa kwenye maji ya chumvi inatoa sumu ambayo pweza haiwezi hata kwa kiasi kidogo sana. Mfumo mzima lazima uwe wa plastiki. Fundi bomba wa kawaida hajui hilo, na ukimwambia atakuona unamsumbua, msumbue tu.

Njia ambayo mimi imenigusa kuliko zote ni ya Mexico. Kijiji kinaitwa Sisal, kiko pwani ya Yucatán, chuo kikuu cha taifa cha UNAM kina kituo hapo, na kuna ushirika wa wakazi, wengi wao wanawake, wanaofanya kazi na wanasayansi hao. Wanafuga pweza anayeitwa Octopus maya, ambaye hapatikani kwingine isipokuwa upande huo wa bahari. Huyu ana bahati moja kubwa, mayai yake ni makubwa, machache, mia kadhaa mpaka elfu moja na kidogo, na mtoto akianguliwa anakuwa pweza kamili mdogo anayekaa chini siku hiyohiyo. Anataka nini? Nyumba. Wanampa makombe matupu ya konokono wa baharini! Wanayamwaga chini ya tanki, mengi kuliko idadi ya vifaranga, kila kifaranga kinachagua kombe lake kinajiingiza humo, na wakikua wanahamishiwa makombe makubwa zaidi. Gharama yake ni kuokota tu. Na wanawapanga kwa saizi, wakubwa na wakubwa, wadogo na wadogo, sababu mnaijua. Majike ya kutaga kila mmoja anawekwa kwenye tanki lake dogo la giza na tundu la kutagia, na joto linaangaliwa sana kwa sababu maji yakipita nyuzi 27 uzazi unaharibika, jike anashindwa kutaga na mbegu za dume zinadhoofika.

Sasa watu wakisikia Mexico wanasema basi na sisi tufanye, makombe tunayo. Hapa lazima nieleze vizuri. Pweza wetu, yule wa mwambao kuanzia Lamu na Wasini mpaka Pemba, Mafia, Songo Songo na Mtwara, wanayemwita wataalamu Octopus cyanea, anataga mayai madogo mno, kwa malaki. Kinachoanguliwa ni buu la milimita chache linaloelea na mkondo wiki kadhaa kabla halijashuka kwenye mwamba. Buu hilo halitaki tundu. Halitaki ukuta kabisa, ukuta ndo adui wake, likigongagonga linaumia. Yule wa Hispania naye yuko hivyohivyo, na ndo maana pamoja na utafiti wa miaka mingi nyumba ya mabuu ilibaki kitendawili kwa muda mrefu. Wanatumia matanki ya duara yenye kuta nyeusi na maji yanayozunguka polepole ili mabuu yasigonge ukuta, na wanalisha viumbe hai vidogo, vibuu vya kaa kwa mfano, ambavyo navyo inabidi uvizalishe mwenyewe kila siku. Kwa miaka mingi wengi walikuwa wanakufa kabla ya kufika chini. Kwa hiyo pweza huyu anahitaji nyumba mbili zinazopingana katika maisha ya mwaka mmoja na kitu, ya kwanza isiyo na kuta, ya pili iliyo ukuta mtupu.

Kampuni ya Nueva Pescanova ya Hispania, ikijengea juu ya kazi ya taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari, ilitangaza mwaka 2019 kwamba imeweza kukamilisha mzunguko huo, yaani pweza aliyezaliwa tankini naye akazaa tankini. Halafu ukaja mpango wa shamba kwenye bandari ya Las Palmas, Gran Canaria, jengo la ghorofa mbili, matanki karibu 1,000, lengo tani 3,000 kwa mwaka, ambazo ni pweza kama milioni moja. Mwaka 2023 BBC iliripoti nyaraka za mpango huo zilizopatikana na watetezi wa wanyama, na ndani yake kulikuwa na idadi ya pweza 10 mpaka 15 kwa kila mita moja ya ujazo. Hebu chukua hatua moja mbele, moja kulia, na uinue mkono usawa wa kifua, hapo ndani weka pweza kumi na tano. Bibi yangu bamvua zima alikuwa anaweza kutembea mwamba mrefu akapata watano na kila mmoja yuko mbali na mwenzake. Kampuni ilisema inawajali wanyama na wanazoea kuishi pamoja, wapinzani wakasema mnyama huyu kwa maumbile yake hawezi kuwekwa hivyo. Uingereza, ripoti ya watafiti wa London School of Economics ya mwaka 2021 iliona ushahidi wa nguvu kwamba pweza anahisi maumivu, na sheria ya mwaka 2022 ikamtambua kuwa mnyama mwenye hisia. Marekani, majimbo ya Washington na California yalipiga marufuku ufugaji wa pweza mwaka 2024.

Mi sio mtu wa kusema kila marufuku ni nzuri, najua mama anayesomesha watoto kwa pweza haishi kwa hoja za Ulaya. Ila kwenye suala hili la msongamano naona wana haki, kwa sababu nimekaa nikiangalia tundu moja kwa saa nzima maji yakijaa, na yule mnyama anakutazama, anavuta jiwe, anaziba, anafungua tena kidogo akuangalie kama bado upo. Huyo ukimweka na wenzake kumi na wanne kwenye tanki tupu utampata uzito pengine, lakini umemtoa kwenye kitu pekee anachokitaka.

Kwa huku kwetu ukiniuliza nyumba gani nzuri ya pweza nitakuambia ni mwamba wenyewe, ukifungwa, yaani watu waache kuvua hapo kwa muda. Andavadoaka huko Madagascar walianza mwaka 2004 kufunga sehemu ya mwamba miezi michache, wakifungua pweza wamekuwa wazito, na Pemba na Unguja vijiji kadhaa vimefuata njia hiyo, wanakaa kikao, wanaweka alama, wanalinda, siku ya kufungua kila mtu anashuka na ndoo. Pweza anakua haraka mno kwa hiyo miezi mitatu ya subira inaonekana kwenye mizani. Hapo hamna pampu, hamna amonia, hamna bomba, chakula anajitafutia.

Na kama kuna kijana anataka kujaribu kunenepesha kweli, kwa wachache, basi asianze na tanki. Aangalie kwanza maji ya mahali pake masika, hasa kama yuko karibu na mdomo wa mto kama Rufiji, maana maji matamu yatamuulia wote wiki moja. Achome vyungu vya udongo, mlango mwembamba kuliko tumbo la chungu, avipange chini kwenye mchanga kando ya mwamba, vya saizi tofauti, vingi kuliko pweza anaotarajia. Halafu asubiri bamvua mbili tatu, aende akaangalie mlangoni kuna maganda au hamna.